Tovuti ikisema "saa moja angani", uliza kwanza ni ndege gani

Tovuti ya kukokotoa umbali iliniambia kilomita 420, muda wa kuruka saa moja na dakika mbili. Nikayaamini. Ndege inaondoka saa tatu asubuhi, nikamwahidi mwenyeji wangu kwamba saa nne na ushee niko kwake. Nilitua saa saba kasorobo, chai imeshapoa zamani.

Tovuti haikudanganya. Nyingi hupiga hesabu kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 kwa saa au zaidi, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Sasa, jeti gani ya kawaida inatua kwenye kiwanja kifupi cha changarawe? Sisi tulipakiwa kwenye Caravan, ndege ya pangaboi moja ambayo mwendo wake ni kilomita 300 na kidogo kwa saa. Hapo tu imeshakuwa saa moja na dakika 24, hewa ikiwa imetulia. Haikutulia. Rubani aligeuza shingo (kwenye ndege hizo mnakaa karibu kama kwenye teksi) akapaza sauti kwamba upepo wa mbisho ni kilomita 50 kwa saa. Ukitoa 50 kwenye 300, safari inakaribia dakika 100. Ongeza vituo viwili vya njiani, nusu saa kila kimoja, na ukungu uliotuchelewesha saa nzima kuondoka.

Kwa hiyo ukikata tiketi, uliza aina ya ndege na idadi ya vituo. Usihadaike na namba moja ya safari. Ndege yenye namba moja inaweza kutua mara tatu.

Angalia pia kipimo. Marubani huhesabu kwa maili za baharini, na moja ni kilomita 1.852. Zile kilomita 420 kwao ni 227. Ukidhani ni maili za barabarani utapata kilomita 365, na utajiona umebahatika bure.

Kiwanja chenyewe nacho kina masharti yake. Vingi havina taa, kwa hiyo ukichelewa mpaka jua likazama, unalala ulipo. Huko Barra, Uskoti, ndege hutua kwenye mchanga wa ufukweni, na maji yakijaa njia zote tatu za kurukia hufunikwa. Ratiba inafuata bahari.

Lakini kabla ya yote hayo, hakikisha kuna ndege inayokwenda moja kwa moja. Viwanja viwili vya pembezoni vinaweza kuachana kilomita 150 tu kwenye ramani, na bado ukalazimika kurudi mji mkubwa, ulale, kesho uruke tena.

Siku hizi nagawanya kilomita kwa 250, naongeza nusu saa kwa kila kituo. Mwenyeji wangu simtajii saa tena. Namwambia ni ndege gani na inatua wapi na wapi, yeye mwenyewe anajua ainjike chungu lini.