Maswali Yenu: Mgomo wa Madereva, Hasira Zetu Tuzimwage Kwa Nani?

Wapendwa wasomaji, tangu mgomo wa madereva wa daladala na mabasi wa Jumatatu na Jumanne ya Mei 4 na 5, 2015, simu yangu haipumui, meseji zinaingia usiku na mchana na karibu zote ni za hasira, maana ule wa Ijumaa ya Aprili 10 watu walikuwa hata hawajausahau. Nimechukua barua tatu. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

Shikamoo anti. Mi nafanya usafi kwenye ofisi moja huko Posta, nakaa Mbagala. Jumatatu nimetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yangu, kufika Rangi Tatu watu wamejaa mpaka barabarani na daladala hakuna hata moja, bodaboda wanataka elfu kumi, sasa mi nalipwa laki na nusu kwa mwezi hiyo elfu kumi naitoa wapi anti? Nikadandia kirikuu tumesimama kama mbuzi wa Vingunguti, tukashushwa Mtoni kwa Aziz Ali dereva anasema anaogopa mawe, kutoka hapo ni miguu tu. Nimeingia saa tano viatu mkononi, supavaiza akaniambia rudi ulikotoka. Jumanne sikwenda, ningeendaje? Leo naambiwa nimekatwa siku mbili na barua ya onyo juu. Hawa madereva mi naona wanyang'anywe leseni wote. Na je, bosi ana haki ya kunikata?
Mama wa watoto wawili, Mbagala

Marhaba mwanangu, pole sana, tena sana. Tuanze na hela yako kwanza maana ndio inayouma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimwachii mwajiri akate mshahara anavyojisikia. Makato lazima yawe yameruhusiwa na sheria, au makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, au amri ya mahakama na vyombo vya namna hiyo, au kama ni deni basi wewe mwenyewe uwe umekubali kwa maandishi. Kuchelewa kwa sababu mji mzima umesimama sio deni. Jumatatu ulifika kazini, ulikuwa tayari kufanya kazi, aliyekurudisha ni supavaiza, kwahiyo siku hiyo idai bila kuona aibu. Jumanne sitakudanganya, hukwenda na kazi haikufanyika, hapo wana la kusema, ingawa bosi mwenye utu alikuwa na uwezo wa kukwambia ufidie siku nyingine au aitoe kwenye likizo yako.

Na hilo onyo usilipokee kimya kimya. Andika barua fupi, eleza ulitoka saa ngapi, ulipanda nini, uliteremkia wapi, ulifika saa ngapi na nani alikurudisha, toa kopi mbili, moja wakusainie kuwa wameipokea ubaki nayo. Wakigoma kukusikiliza nenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa malalamiko ya namna hii una siku 60. Ila wakikufukuza kazi zinakuwa 30 tu, usije ukakaa nyumbani unasubiri huruma mpaka muda ukaisha.

Sasa hilo la kuwanyang'anya leseni wote. Hasira yako naielewa na sikulaumu, lakini soma barua inayofuata halafu tuongee.

Habari za kazi anti. Mi ni dereva, napiga ruti ya Gongo la Mboto na Kariakoo mwaka wa tisa huu. Magazeti yote yanatuita wahuni. Kuna mtu ameuliza tunalipwaje? Hesabu ya tajiri ni laki moja kila siku ipatikane isipatikane, mafuta juu yetu, wapiga debe juu yetu, trafiki akikukamata elfu 30, kinachobaki ndio nagawana na konda, kuna siku tunagawana elfu nne. Nikiumwa analetwa deiwaka, dereva wa kushikia siku hiyo tu, na mi silipwi kitu. Mkataba sijawahi kuuona kwa macho ila nasikia tajiri alipeleka Sumatra, ile mamlaka ya usafiri, karatasi yenye jina langu ili apewe leseni ya gari. Halafu serikali inasema kila tukitaka kurenyu leseni turudi darasani NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kwa hela yetu. Tusingegoma nani angetusikia?
Dereva, Gongo la Mboto

Mdogo wangu, ahsante kwa kuandika, na barua yako naomba mama wa Mbagala aisome mara mbili.

Kwenye mkataba nipo na wewe asilimia mia. Sheria hiyohiyo ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya kazi yako: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Mtu anayeamka saa tisa usiku na kulaza gari saa tano usiku siku sita za wiki ni mfanyakazi, hata kama tajiri anamuita "kijana wangu". Na huu mfumo wa hesabu ndio unaotuua barabarani jamani. Dereva asiye na mshahara atakimbizana na mwenzake kugombania abiria kituoni, atakatisha ruti, atamkataa mwanafunzi mlangoni, kwasababu kila kichwa anachokosa kinatoka kwenye unga wa watoto wake.

Halafu kuna jambo moja silisikii likisemwa redioni. Mgomo halali una njia yake: mgogoro unapelekwa CMA kusuluhishwa, ukishindikana chama cha wafanyakazi kinapiga kura, halafu mwajiri anapewa notisi ya saa 48. Sasa nyie mnapitaje njia hiyo wakati hamna mkataba mkononi? Notisi mtampa nani, tajiri ambaye kesho anaweka deiwaka? Ndio maana mgomo unatuangukia alfajiri bila taarifa na mama wa Mbagala anaukuta kituoni. Mikataba ingekuwepo angejua siku mbili kabla, angelala kwa ndugu yake Kariakoo, angeomba ruhusa, angejipanga. Kwahiyo mkataba wako wewe ni hela yake yeye, na wanaotaka kuwanyang'anya leseni wafike mpaka kwa wenye magari waulize mikataba iko wapi.

Lakini nikwambie ukweli na mimi. Kupiga mawe gari ya mtu aliyeamua kubeba wagonjwa na watu wa kazini, hapana, hilo silitetei hata kidogo. Na kuhusu darasa la NIT, Machi 11 pale Mafinga tumezika watu zaidi ya 40 kwa ajali moja ya basi na lori, mafunzo tunayahitaji. Kibaya ni kumwambia mtu asiye na mshahara ajilipie na siku za masomo asipate kitu. Tajiri achangie, au ada iwe ndogo, na siku hizo zihesabiwe kazini. Aprili 10 pale Ubungo mabomu ya machozi yalipigwa kwanza, mazungumzo yakaja baadaye, Waziri wa Kazi wa wakati huo, mama Kabaka, akasema hilo la masomo limesitishwa, watu wakawasha magari. Mwezi haujaisha tumerudi palepale, maana la mkataba halijaguswa. Hiyo kamati iliyoundwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Pinda, kushughulikia mgogoro huu ilipaswa ianze na hilo.

Anti, boda kunichaji elfu nane Kimara mpaka Magomeni ni halali? Na mgomo ukirudi sisi abiria tufanye nini?
Msomaji, Kimara

Boda hana nauli elekezi kama daladala, ni maelewano yenu tu, kwahiyo patana bei kabla hujapanda na kataa mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, hata kama mnachangia, tumeona wangapi wamevunjika miguu. Mwaka 2015 kulikuwa na treni ya Mwakyembe (jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi), ya Ubungo Maziwa kwenda Stesheni, na ile ya Tazara kwa watu wa Mwakanga, zilijaa kupita kiasi siku hizo lakini nauli haikubadilika. Kwa ninyi wa Kimara ilikuwa ni kutafuta namna ya kufika Ubungo mapema.

La muhimu zaidi, abiria nasi tuna baraza letu, Sumatra CCC (siku hizi LATRA CCC), limewekwa kisheria kusimamia watumiaji wa usafiri na wengi hawajui hata kama lipo. Andikeni barua. Msiandike matusi, taja ruti, tarehe, nauli uliyotozwa, kazi au kliniki uliyoikosa, na muulize swali moja: wenye magari ya ruti yetu wamewapa madereva mikataba au hawajawapa, na madereva wenyewe wana kopi? Wasaini watu wa mtaa mzima, kumi na tano, ishirini, inatosha. Mkinitumia kopi nitaichapa hapa pamoja na majibu mtakayopewa, na wasipojibu nitaandika kuwa hawajajibu.