Maswali yenu: Milima ya kwetu Kusini, na cha kubeba kwenye kikapu

Meseji za mwezi huu nyingi zimeulizia kitu kimoja, wapi pa kwenda kutembea na kupanda bila kuvuka Rufiji. Nimefurahi kweli, maana miaka yote tukisema matembezi watu wanawaza Arusha na Zanzibar tu. Nimechagua tano, nyingine nazijibu kwa kirefu na nyingine haraka.

*Shikamoo mama. Sisi ni vijana saba wa hapa Chuno, Mtwara mjini. Tulikuwa tunachanga kila mwezi tukapande Kilimanjaro mwezi wa 12, hela haijafika hata nusu na wawili wameshaanza kukata tamaa. Kuna mtu katuambia kwani lazima Kilimanjaro, nendeni Masasi. Kweli kule kuna mlima wa kupanda au ni vichuguu tu? Na siku mbili zinatosha?*

Marahaba wanangu. Milima ipo na siku mbili zinatosha kabisa, mkitoka Ijumaa jioni ndo vizuri zaidi maana mtalala Masasi na alfajiri ya Jumamosi mko miguuni pa mlima. Kutoka Mtwara kupitia Mnazi Mmoja ni kama kilomita 200, na hiyo njia yenyewe ni matembezi tayari, ukishakata kona pale Mnazi Mmoja unaingia bonde la Lukuledi, mkono wa kushoto uwanda wa juu wa Makonde unakufuata kama ukuta wa kijani, unapita Nyangao, unapita Ndanda pale chini ya mteremko, afu mbele unaanza kuona mawe makubwa yametoka ardhini yamesimama peke yake bila kushikana na mlima mwingine wowote. Hapo ndo Masasi.

Kwa nini ile milima imesimama hivo? Mwamba wake ni mgumu sana. Ardhi laini iliyokuwa imeuzunguka imeliwa na mvua na upepo kwa mamilioni ya miaka ikateremka mito na kuondoka, mwamba ukabaki. Kwa hiyo mnapopanda mnakanyaga jiwe tupu sehemu kubwa, sio udongo kama mlivyozoea kwenye vilima vya kawaida, na hii inabadilisha kila kitu, viatu, saa ya kuanza, mpaka msimu wa kwenda.

Mlima Mkomaindo uko pale mjini, hospitali imechukua jina lake. Mtandi nao chini yake kuna kanisa kuu la Anglikana na historia yake ni nzito, mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani waliletwa kutoka Zanzibar na Askofu Steere, wakatembea kutoka pwani ya Lindi mpaka hapo Masasi wakajenga makazi. Mi kila nikisimama pale nawawaza hao watu, wametoka kwenye minyororo, wametembea siku zote hizo, afu mbele yao yanatokea yale mawe. Naomba mkifika msikimbilie juu tu kupiga picha, kaeni kwanza pale chini muulize wazee.

Sasa msikie vizuri hili. Msiende mwezi wa 12. Mvua zetu Kusini zinaanza hapo mpaka mwezi wa 4 na jiwe lililoota ukungu likilowa linateleza kama sabuni, na majani yanakuwa marefu huoni unakanyaga nini. Nendeni kipupwe, mwezi wa 6 mpaka wa 8, kuna kaupepo na anga liko wazi. Mwezi wa 10 na 11 ni mikavu sawa lakini lile jua wanangu, jiwe linapata moto chini na jua linapiga juu mnakuwa kama mihogo kwenye kikaango.

Na hapa nawapa ya kwangu. Mwaka mmoja tulipanda wanne kwenye milima hiyohiyo, tulichelewa kuamka tukaanza saa 4 asubuhi na chupa mbili za maji za lita moja, tukajiambia mlima wenyewe si ule hapo unauona. Kupanda tulipanda. Wakati wa kushuka mwenzetu akaanza kusema anaona giza, akakaa, mikono inatetemeka, maji yameisha zamani, na kivuli hakuna hata cha kuku. Tuliokolewa na kina mama wawili waliokuwa wanaokota kuni chini, walikuwa na kidumu chao cha maji cha siku nzima wakatupa bila kuuliza jina. Tangu siku hiyo kwangu ni lita 2 mpaka 3 kwa kila kichwa, na mguu wa kwanza unawekwa kwenye jiwe saa 12 asubuhi ili saa 5 mko chini mnakula.

Mengine ni haya. Pigeni hodi kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza, awatafutie kijana wa palepale anayezijua njia, kubalianeni hela kabla ya kuondoka na mumlipe vizuri. Mwamba mmoja unaweza kuwa na upande wa kupandika na upande ambao ukishafika nusu huwezi kwenda wala kurudi, hilo atajua mwenyeji tu. Nyuki wanapenda nyufa za mawe, kwa hiyo manukato muache nyumbani, moto msiwashe, kelele za kuitikiana mwangwi msipige. Na akichoka mmoja wanashuka wote.

Hela ya Kilimanjaro msigawane. Ule una mita 5,895 na unataka siku tano na kuendelea, endeleeni kuchanga polepole, lakini mwezi wa 7 Masasi iwapime miguu na iwapime urafiki. Hao wawili waliokata tamaa wakipanda jiwe moja watarudi kwenye mchango wenyewe.

*Mama, mimi ni mzazi wa watoto watatu, Lindi mjini. Tukitoka wikiendi, labda tumevuka kivuko kwenda Kitunda au tumekaa ufukweni, watoto wanataka chipsi na soda tu. Nataka wale chakula cha kwetu. Nibebe nini kisichoharibika na joto?*

Dada'angu hili swali limenigusa, maana mtoto wa Lindi asiyejua ming'oko ni kama tumempoteza tukiwa naye ndani ya nyumba.

Anza na hiyohiyo ming'oko. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, ni viazi vyembamba vya porini, jamii moja na viazi vikuu, vinachimbwa kipindi cha kiangazi wakati mashina yake yameshanyauka. Ukipita stendi zetu za Kusini msimu wake utaona wamama wamevipanga vimeshachemshwa. Vinabebeka, havina mchuzi wa kumwagika, mtoto anashika kwa mkono anavuta nyama kwa meno anabaki na ganda, na kwa watoto ule mvutano wenyewe ndo mchezo. Nunua kwa wanaoijua au mwambie anayejua akuchimbie, usiingie porini na watoto mkachimbe kila kiazi mnachokiona, ndugu zake wengine wa porini wana sumu.

Muhogo wa kuchemsha na chumvi unakaa mpaka jioni. Korosho za kukaanga hazina haja ya maelezo. Msimu wa korosho ukifika, mwezi wa 10 na 11 hivi, wabebee na mabibo yenyewe, bibo lina vitamini C kushinda chungwa na maji yake yanakata kiu kweli, ila nguo nyeupe ziache nyumbani, doa la bibo halitoki. Na chondechonde, mtoto asiing'ate korosho mbichi yenye ganda akidhani ataipasua kwa meno. Lile ganda lina mafuta yanayounguza midomo mpaka inavimba. Kuzichoma pia fanya uwanjani kwenye upepo, moshi wake unawasha macho na ngozi.

Ambacho usibebe ni kitu cha nazi. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage ya nazi, vyote ni vitamu ila kwa joto la Lindi vikipikwa alfajiri vikafungwa kwenye hotipoti, mchana vimeshachacha. Hivo ule nyumbani mkirudi. Mie nikirudi ufukweni nataka ugali wa muhogo na kisamvu kilichotiwa korosho za kutwanga, zile korosho zinaingia badala ya nazi na kisamvu kinakuwa kizito, kina utamu wake ambao sijawahi kuupata kwenye karanga. Wape watoto kazi ya kutwanga. Mtoto aliyetwanga mwenyewe hakatai kula.

*Je kupanda mlima na kandambili inafaa? Nimezoea. (Kijana, Nachingwea)*

Hapana mdogo wangu. Kupanda utapanda, kushuka ndo kandambili inakatika na kidole kinatangulia. Raba ya kawaida yenye meno chini inatosha, sio lazima buti za bei mbaya, ila ivae wiki mbili nzima kabla ya safari ili malengelenge yatokee ukiwa nyumbani. Na kata kucha za miguu.

*Shikamoo. Nataka kumpeleka mama mkwe wangu Newala akaone Shimo la Mungu, anasumbuliwa na magoti. Ataweza? Na kuna nini hasa cha kuona? (Mama wa Tandahimba)*

Marahaba mwanangu, ataweza vizuri sana. Newala iko juu tayari, imekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, kwa hiyo mlima mnakuwa mmeshaupanda na gari bila kujua. Mkifika ukingoni ardhi inakatika mbele yenu, hapo ndo Shimo la Mungu, chini kule ni bonde la Ruvuma na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Nenda jioni jua likiwa linalala, ukungu wa mchana umepungua. Mpe kiti au mkeka, kitenge cha pili na sweta maana upepo wa pale ni baridi kuliko mnavyofikiria watu wa bondeni. Kama kuna watoto washikwe mkono muda wote, ukingo ni ukingo.

Muulize mama mkwe habari za maji. Uwanda wa Makonde mvua inanyesha lakini udongo unayameza maji yote yanakwenda kutokea chini kwenye chemchemi za pembeni, ndo maana miaka na miaka wanawake wa juu walikuwa wanashuka ule mteremko kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Kwa nyie wenye magoti mazima, njia za namna hiyo ndo mazoezi yenyewe, unashuka kwanza ukiwa na nguvu afu unapanda ukiwa umechoka, kinyume na milima mingine. Mkienda hesabuni hilo, mwenzako akikwambia "tushuke kidogo tu" muulize na nguvu ya kurudi anayo?

*Mimi mwanafunzi wa kidato cha tatu, Lindi. Mwalimu katufundisha dainosaria wa Tendaguru. Tukienda darasa zima tutaona mifupa?*

Ile mifupa mikubwa mnayoiona vitabuni haipo pale mwanangu, iko Berlin, Ujerumani. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kwenye kilima cha Tendaguru, kama kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lindi, na waliochimba kwa mikono ni babu zetu, mamia yao, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ikafungwa, ikabebwa kichwani na mabegani kwa miguu siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Yule dainosaria mkubwa amesimamishwa kwenye makumbusho kule, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, kama nyumba ya ghorofa nne.

Bado nasema nendeni. Kilima kipo, na mtu akisimama pale na ule uzito anaouwaza kichwani anaelewa kitu ambacho picha haisemi. Ila mwalimu aende peke yake kwanza aonane na serikali ya kijiji, aulize barabara ikoje na apate mwenyeji wa kuwatembeza, njia ya huko wakati wa mvua sio ya kupeleka gari la wanafunzi. Mkiokota kitu kinachofanana na mfupa kiacheni palepale mumwonyeshe mwenyeji. Na jina la Boheti bin Amrani liandikeni kwenye daftari kabla hamjaondoka nyumbani, mkifika juu mmoja wenu alisome kwa sauti.