PCR ikigoma kwenye bloku kuukuu: tulivyoipata HPV bila kunakili DNA

Mkuu, umeuliza kama HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi, inaweza kuthibitishwa kwenye bloku za zamani (nyama ya mgonjwa iliyohifadhiwa kwenye nta) wakati PCR, njia ya kunakili DNA, haitoi kitu, hata beta-globini ya udhibiti, yaani jeni ya binadamu inayopaswa kuonekana kila mara. Inawezekana. Mimi nilipoteza miezi minne nikiibembeleza mashine ambayo haikuwa na kosa.

Bloku zetu zilikuwa za saratani ya mlango wa kizazi. Nyama zililowekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi, isiyo na bafa ya kuzuia asidi, nyingine tangu Ijumaa mpaka Jumanne kwa sababu ya sikukuu. Formalini ya namna hiyo hugeuka taratibu kuwa asidi ya fomiki, na asidi hukatakata DNA. Sasa praima za MY09/MY11, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili, zinataka kipande kizima cha besi (herufi za DNA) kama 450. Ukiwa na vipande vya besi 100, praima moja inashika, ya pili haina pa kushika, kazi imekwisha. Usikimbilie kuandika "hasi". Beta-globini ya besi 268 ikikataa, hilo ni jibu la bloku, si la mgonjwa. Jaribu kwanza praima za SPF10, zenyewe zinatosheka na besi 65. Kwetu ziliokoa bloku chache tu.

Kilichotutoa ni kuipeleka probu kwenye slaidi yenyewe. Probu ni DNA ya HPV iliyobandikwa alama, mfano digoksijenini. Unakata mikroni 4, unaondoa nta kwa zailini, unalainisha kwa proteinase K, kimeng'enya kinachokata protini, unapasha mpaka nyuzijoto 95 ili mikanda ya DNA iachane, kisha unaiacha na probu usiku kucha kwenye 37. DNA hata ikikatika, vipande vyake bado vimekaa ndani ya kiini, na probu fupi nyingi zinashika kila moja mahali pake. Baada ya hapo kingamwili inaifuata ile alama na kuleta rangi ya buluu. (Vimeng'enya vipo: proteinase K inalainisha, kingine kinatoa rangi. Hakuna kinachonakili DNA.)

Kazi yote iko kwenye proteinase K. Ukipunguza muda, probu haiingii. Ukizidisha, viini vinayeyuka na slaidi inabaki kama kitambaa kilicholiwa na panya. Bloku iliyokaa sana kwenye formalini inataka muda mrefu zaidi, kwa hiyo usitumie dakika zilezile kwa zote. Jaribu vipimo vitatu vinne vya muda kwanza.

Halafu kuosha. Mara ya kwanza niliosha kwa SSC (maji ya chumvi ya kuoshea) ya baridi, slaidi zote zikawa buluu, nikaita wenzangu waje waone. Udhibiti hasi, slaidi isiyo na HPV, nao ulikuwa buluu! Probu ilikuwa imejishikiza popote, na maji ya baridi hayakuitoa.

Kwenye hadubini, buluu iliyotapakaa kiini kizima huashiria kirusi kilicho huru. Vidoto vidogo huashiria kilichojichomeka kwenye kromosomu zetu. Weka kila siku, kama udhibiti, seli za saratani za maabara: za CaSki, zenye nakala kama 600 za HPV16 (aina mojawapo ya HPV), na za SiHa, zenye moja au mbili. CaSki ikiwaka na SiHa isionekane, andika kwenye ripoti kwamba nakala chache zinakupita. Sisi SiHa ilituponyoka mara nyingi, na kwa bloku hizo hatukuthubutu kusema hasi.

Bloku zako zilikaa kwenye formalini muda gani? Ukijua, niambie nikupe dakika tulizoanzia.