Maswali na Majibu: Kazi huanzia mlangoni, si maabara

Swali: Nimepewa siku tano kuwafundisha askari wa kawaida makosa yanayohusu kamera, saa janja, kufuli na vifaa vingine vya nyumbani vinavyotumia intaneti. Nianzie wapi?
*Mkufunzi, chuo cha polisi*

Jibu: Anzia mlangoni, Mwalimu. Kozi nyingi hupoteza muda kwa kuonyesha mitambo ya maabara ambayo askari wa doria hataigusa. Ilhali ushahidi mwingi hupotea dakika za mwanzo, mikononi mwa askari aliyetangulia kufika, tena kwa nia njema: anachomoa nyaya zote na kubeba kila kitu.

Siku ya kwanza wafundishe kuona. Pamba chumba kiwe kama sebule, ufiche humo vifaa kumi: kamera ndani ya saa ya mezani, balbu, kengele ya mlango, runinga, plagi. Wape dakika 15 wavihesabu, kisha wafungue orodha ya vifaa iliyomo ndani ya ruta, yaani kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, na kulinganisha. Hapo watagundua walichokiruka. Kila kifaa kwenye orodha kina anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wake kwenye mtandao, yenye tarakimu na herufi 12. Sita za mwanzo hutambulisha mtengenezaji, kwa hiyo hata kisichoonekana kinaweza kukisiwa. Waonye, hata hivyo, kwamba simu za siku hizi hujitungia anwani za muda, na hizo hazimtaji mtengenezaji.

Siku ya pili ni utaratibu wa eneo la tukio: kila kifaa kipigwe picha pale kilipo, pamoja na taa zake, nyaya zake na lebo ya namba. Wenye nyumba watenganishwe na simu zao mapema, maana mtu anaweza kufuta rekodi za kamera huku amesimama uani akijibu maswali. Ya tatu iwe ya ruta na vinasa video (mashine zinazohifadhi picha za kamera), ya nne maombi ya data kwa kampuni. Siku ya tano usiiguse kwa mhadhara wowote: iwe zoezi moja, kutoka mlangoni hadi kizimbani, na mwendesha mashtaka awahoji juu ya walichoandika. INTERPOL iliendesha zoezi la mtindo huu Vienna mwaka 2018, ambapo wapelelezi walifuatilia shambulio dhidi ya benki hadi kwenye kamera ya intaneti. Watu hukumbuka walichokosea kwa mikono yao.

Swali: Tukifika, ruta tuizime au tuiache?

Jibu: Iacheni ikiwaka. Ruta nyingi za nyumbani huweka orodha ya vifaa na kumbukumbu za matukio kwenye kumbukumbu ya muda; umeme ukikatika, zimekwenda. Virusi navyo huishi humo. Mirai, ambayo tarehe 21 Oktoba 2016 ilitumika kuiangusha huduma ya Dyn, kampuni iliyoelekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, na kufanya tovuti nyingi kubwa zisifikike, ilikaa kwenye RAM, yaani kumbukumbu hiyo ya muda, ya kamera na ruta zilizobaki na nywila za kiwandani. Ukizima kifaa na kukiwasha, umefuta ushahidi. Na nywila isipobadilishwa, kinaambukizwa tena baada ya dakika chache.

Mkihofia mtu anafuta vitu akiwa mbali, chomoeni waya unaoleta intaneti kutoka nje na kuacha ule wa umeme. Lakini ulizeni kwanza kama kuna mgonjwa anayetegemea kifaa kilichounganishwa. Kumbukeni pia kwamba kifaa chenye laini yake ya simu hakitegemei waya huo. Kisha, mkiwa na hati inayowaruhusu, unganisheni kompyuta kwa waya, piga picha kurasa za vifaa, kumbukumbu na saa, na andika kila mlichobofya. Kuingia kwenu nako kunaacha alama, na wakili atauliza.

Swali: Video ya kinasa ilionyesha saa isiyolingana na tukio, na kesi ikayumba. Tulikosea wapi?

Jibu: Hamkupima tofauti ya saa siku mliyoichukua. Kabla ya kugusa kitufe chochote, piga picha moja yenye saa ya kinasa na saa sahihi pamoja. Kinasa kikisoma 14:07:30 na saa sahihi ni 13:52:10, kinatangulia kwa dakika 15 na sekunde 20. Msikirekebishe, andikeni tofauti hiyo na kuitumia kwenye hesabu zote.

Halafu fanyeni haraka. Kamera inayorekodi kwa megabiti 4 kwa sekunde hutumia takriban gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne kwenye diski ya terabaiti 1 huijaza kabla siku ya sita haijaisha, na kinasa huanza kuandika juu ya picha za zamani. Nakilini video katika muundo wake wa asili, kwa nakala mbili, na mkokotoe hashi ya SHA-256 palepale, yaani alama ya faili inayobadilika faili likiguswa. MD5, hashi ya zamani, peke yake haitoshi tena.

Swali: Data iko kwenye seva za kampuni ya nchi nyingine. Je, tusubiri amri ya mahakama?

Jibu: Ombeni kwanza data ihifadhiwe, siku hiyohiyo, amri itafuata. Kwa nchi wanachama wa Mkataba wa Budapest wa 2001 kuhusu makosa ya mtandao, ombi la namna hii hulinda data kwa siku zisizopungua 60. Tajeni akaunti, namba ya kifaa, aina ya data, na muda kwa saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima. “Data zote” ni ombi linalorudishwa.

Swali: Mama mmoja analalamika kwamba mume waliyetengana huwasha taa za nyumba kwa mbali na anajua kila aendako. Askari wa zamu afanye nini?

Jibu: Asimwambie aache woga. Wasiliane kwa simu ambayo huyo bwana hajawahi kuishika. Kisha wafungue pamoja orodha ya watumiaji kwenye kila programu, wapige picha majina, tarehe na saa za kuingia. Wasimwondoe mume kwenye orodha papo hapo, kwa sababu anaweza kugundua na hasira yake ikamfikia mama kabla ya askari. Wala wasirudishe kifaa kwenye hali ya kiwandani, maana hapo kielelezo kimekufa. Mpango wa usalama ukishakuwa tayari, wabadilishe nywila wakianzia na ile ya barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungua nyingine zote.