Fuata kitu kimoja: namna ya kutazama filamu zinazosifiwa

Mtu anasikia filamu fulani inasifiwa dunia nzima. Anaitafuta, anaiwasha saa tatu usiku akiwa amechoka, na baada ya dakika ishirini amesinzia. Kesho yake anasema haina mambo. Kosa si la filamu, na wala si la mtazamaji. Wengi wetu tumelelewa na picha zenye msimulizi, yule anayetafsiri kwa Kiswahili na kutuambia mapema nani mwema, nani msaliti, nani atakufa. Filamu kubwa nyingi zinanyamaza makusudi. Macho yasipopewa kazi ya kufanya, yanafumba.

Kazi yenyewe ni hii: chagua kitu kimoja ndani ya filamu, kitu cha kushikika, ukifuate toka mwanzo mpaka mwisho.

Anza na La Noire de…, ya Msenegali Ousmane Sembène, ya mwaka 1966. Ni fupi, kama saa moja tu, na kitu chake kiko wazi: kinyago. Diouana, msichana wa Dakar, anapata kazi ya kulea watoto wa familia ya Kifaransa, naye anawapa kinyago kama zawadi. Angalia kinapowekwa. Dakar kinaingia katikati ya vinyago vingine vya nyumba ile. Baadaye, kule Antibes, Ufaransa, kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe. Na Diouana naye yuko peke yake kati ya kuta hizo nyeupe, anapika na kusafisha badala ya kulea watoto aliokuja kwa ajili yao. Hakuna anayetamka kwamba dada huyu amegeuzwa pambo. Ukuta ndio unaosema. Simamisha picha hapo, utazame weupe unaokizunguka kinyago, kisha endelea. Kila kinapotokea tena jiulize: sasa kiko mkononi mwa nani, na nani anakidai? Mwisho hatuusemi hapa, ila ukifuata swali hilo, picha za mwisho zitakuganda.

Njia hiyohiyo inafungua Ladri di biciclette ya Mwitalia Vittorio De Sica, ya 1948. Antonio hawezi kupata kazi ya kubandika matangazo bila baiskeli, na baiskeli yake iko rehani. Mke wake anavua mashuka ya kitandani, wanakwenda kuyaweka rehani ili waikomboe. Mfanyakazi wa duka anayachukua, halafu anapanda rafu, anapanda tena, na kamera inamfuata mpaka tunaona mafurushi ya mashuka ya watu wengine yamejaa huko juu. Sekunde chache tu. Umaskini wa mji mzima umeonyeshwa bila neno moja. Ukiwa unachezea simu, imekupita, na ndiyo maana simu ikae mbali.

Sasa mwongozaji mwenyewe. Filamu moja haimtambulishi mtu. Tazama tatu za mtu mmoja, kwa mpangilio wa miaka. Kwa Sembène, tangulia na Borom Sarret ya 1963, ya kama dakika ishirini, kuhusu mwenye mkokoteni wa Dakar. Fuata mkokoteni. Halafu La Noire de…, halafu Mandabi ya 1968. Utagundua badiliko moja kubwa: mbili za kwanza zinasema Kifaransa, hata mawazo ya Diouana yanasikika kwa Kifaransa; Mandabi inasema Kiwolofu. Sembène alikuwa mwandishi wa vitabu kabla ya kushika kamera, na alitaka kuwafikia watu wasiosoma. Kwetu sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunaoongea Kiswahili nyumbani na kusoma Kifaransa shuleni, jambo hilo halihitaji maelezo marefu.

Kuna mambo ya mitambo yanayoharibu filamu nzuri, na watu wanamlaumu mwongozaji bure. La kwanza ni umbo la picha. Filamu hizo za zamani zilipigwa kwa umbo linalokaribia mraba, lakini televisheni za leo ni pana, na nyingi zinaivuta picha ijaze kioo. Nyuso zinanenepa. Kipimo rahisi: magurudumu ya baiskeli yakionekana kama yai, picha imevutwa. Kwenye kompyuta yenye VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza herufi A mpaka gurudumu liwe duara. Mikanda myeusi ya pembeni si hitilafu, iache.

La pili ni maandishi ya tafsiri. Faili la maandishi lipe jina lilelile la filamu, vikae kwenye folda moja. Yakiwahi au kuchelewa kwa kiasi kilekile muda wote, tumia G na H. Kila mbonyezo unayasogeza kwa milisekunde 50. Lakini yakianza sawa na kuzidi kuachana, hadi kufikia dakika mbili na nusu hivi baada ya saa moja, usihangaike kubonyeza: yalitengenezwa kwa kasi nyingine ya picha, 25 kwa sekunde badala ya 23.976. Tafuta faili lingine.

La tatu ni umeme. Ukitaka kuwaonyesha majirani pale Kadutu au Bagira, mitaa ya Bukavu, usitegemee SNEL, shirika la umeme la Kongo. Piga hesabu ya batri. Batri ya asidi ya volti 12, Ah (amper-saa) 100, ina wati-saa 1200, ila usitumie zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Konvertisa, kifaa kinachogeuza umeme wa batri uwe kama wa nyumbani, nayo inakula kiasi, tuseme asilimia 15. Projekta ya wati 150, kompyuta 50, spika 30: jumla 230. Unabaki na saa mbili na dakika chache. La Noire de… inaingia na mazungumzo yake. Seven Samurai ya Mjapani Kurosawa, yenye dakika 207, haiingii. Igawe usiku mbili.

Baada ya filamu usiulize "mmeipenda?" Watu watajibu ndiyo kwa adabu, na mazungumzo yamekufa. Uliza: ni picha gani imebaki machoni? Mwache mama aliyekaa nyuma ajibu kwanza, kabla ya wanafunzi wa chuo kuanza maneno yao makubwa.

Usiku unaofuata, leta mtu wa hapa. Mweze Ngangura alizaliwa Bukavu mwaka 1950. Filamu yake Pièces d'identités ya 1998, iliyopata Étalon de Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la filamu za Afrika la FESPACO, mwaka 1999, inamfuata mfalme Mkongo anayekwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake. Fuata vifaa vyake vya kifalme: nani anavitazama kwa heshima, nani anavipigia bei. Aliyekwisha kukiona kinyago cha Diouana ukutani atajua pa kutazama.