Mumeo anatimiza 62? Msikimbilie pensheni

Dada mmoja wa Columbus, Ohio, ameniandikia. Mumewe anatimiza miaka 62 mwezi ujao na anataka aanze kulipwa Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani. “Dada, tuchukue?” Nimeusoma ujumbe huo moyo ukinidunda, maana nami niliulizwa hivyo hivyo mwaka 2022, nikajibu: “Chukua, baba.”

Baba watoto wangu alizaliwa 1960. Angengoja mpaka 67 angelipwa dola 2,000 kwa mwezi. Kwa 62 akapata 1,400, asilimia 30 imeondoka. Tulikuwa na haraka ya kupaua nyumba ya Kibaha. Alijaza fomu kwenye simu, usiku, mimi nimetoka zamu ya kulea wazee, miguu imevimba ndani ya soksi. Tulihesabu bati na mbao. Mjane hatukumhesabu.

Alifariki 2024. Nikapewa dola 255 za mkupuo, kisha kwenye dirisha la ofisi ya Social Security nikaelezwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia: mume akianza mapema, mafao ya mjane nayo yanawekewa ukomo. Kwa hesabu yetu ukomo ni asilimia 82.5 ya zile 2,000, yaani 1,650. Asingekuwa ameanza, ningefikisha 67 nichukue 2,000 kamili. Inaniuma mpaka leo.

Dada yangu, mwambie mumeo angoje kama afya na kazi vinaruhusu. Baada ya 67 kila mwaka wa kungoja unaongeza asilimia 8, mpaka 70, na nyongeza hiyo mjane anairithi. Kama ameshaanza, hajapitisha miezi 12, anaweza kufuta ombi, ila atarudisha kila senti. Msiseme “Mungu atajua.” Mungu amewapa akili na kalamu, kaeni mezani mhesabu!

Na wajane wenzangu: mlango wetu unafunguka kwa miaka 60, lakini ukiingia siku hiyo unapata asilimia 71.5 tu ya malipo kamili ya marehemu. Tena usikubali kuombewa mafao yako na ya marehemu kwa pamoja. Sheria inaruhusu uanze na moja, nyingine ikue. Mimi nimechukua ya mume wangu nikikaribia 63, kwa sababu ukomo ule nilikuwa nimeshaufikia, kungoja zaidi kusingeniongezea kitu. Ya kwangu, ya jasho la miaka 19, sitaigusa mpaka 70. Nyumba ya Kibaha imepauliwa upande mmoja.