Fundi, Niongeze Betri au Niache?

SWALI: Fundi, salaam. Tuna paneli za kilowati 5 juu ya paa, zimeunganishwa na gridi, betri hatuna. Siku ya jua zuri zinatoa kama uniti 20. Mchana tunatumia 5, zinazobaki zinaingia gridi na tunalipwa theluthi ya bei tunayonunulia. Usiku tunanunua uniti 9, humo ndani mna hita ya maji ya lita 100 ambayo huwashwa saa moja jioni. Muuzaji mmoja anatushawishi tuweke betri ya uniti 15 ili "tuisahau bili". Mume wangu alikubali kabla hata ya kuuliza bei. Tena kuna jambo linaniudhi: gridi ikikatika, hata saa sita mchana jua likiwaka, nyumba nzima inazima. Tulifungiwa mfumo mbovu?
Mlipa Bili

JIBU: Dada Mlipa Bili, nianze na hilo la mwisho, maana nisingependa ununue betri kwa hasira. Mfumo wenu ni mzima. Inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) inayotegemea gridi hujizima gridi inapokatika, na imetengenezwa hivyo makusudi. Isipojizima, umeme wa paa lenu utarudi kwenye nyaya za nje na kumkuta fundi wa laini aliyepanda nguzo akiamini nyaya hazina umeme.

Huenda muuzaji wenu hajawaambia kwamba betri peke yake haiondoi tatizo hilo. Ili taa ziwake wakati gridi imekatika, inatakiwa inveta inayoweza kujiendesha yenyewe, pamoja na swichi inayoitenga kwanza nyumba na gridi. Ipo mifumo ya betri inayouzwa bila vitu hivyo. Inapunguza bili vizuri tu, na siku umeme ukikatika inazima pamoja na mtaa mzima. Mwulizeni swali moja, naye ajibu kwa maandishi: gridi ikikatika usiku, ni soketi zipi zitabaki na umeme?

Sasa pesa. Nashukuru kwa namba zenu. Wengi huniandikia "bili ni kubwa" wakaishia hapo. Betri haizalishi umeme. Inachukua wa mchana na kuupeleka usiku, na njiani inakula kidogo: ili itoe uniti 9, lazima ziingie karibu 10. Hizo 10 mngeziuza kwa theluthi ya bei, yaani thamani ya uniti 3.3 za kununua. Mnaokoa 9, mnaacha 3.3, faida ni uniti 5.7 kwa usiku mmoja. Kwa mwaka ni kama 2,000, kwa miaka 10 ni 20,000. Toeni siku za mawingu ambazo betri haitajaa. Toeni na uzee, maana dhamana nyingi za miaka 10 zinaahidi tu kwamba mwishoni betri itabaki na kama asilimia 70 ya uwezo wake wa mwanzo. Mimi ningeandika 16,000.

Chukueni bei ya uniti moja kwenye bili yenu, mzidishe kwa 16,000. Hiyo ndiyo pesa itakayorudi hadi dhamana iishe. Iwekeni kando ya bei ya betri, inveta na ufundi, vyote kwa pamoja. Ikiwa ndogo kuliko bei hiyo, biashara haipo. (Bei ya umeme ikipanda, hesabu itawaelekea ninyi. Hilo muuzaji atalitaja mwenyewe, msihangaike kulikumbuka.)

Angalieni pia kwamba hesabu yote imesimama juu ya uniti 9, kwa sababu usiku hamtumii zaidi ya hizo. Betri ya 15 haitarudisha hata uniti moja ya ziada. Zile 6 za juu mtakuwa mmezinunua zikae tu ukutani.

Na hata hizo 9 mimi sizikubali. Kupasha moto lita 100 za maji kwa nyuzi 30 kunahitaji uniti 3.5. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya umeme wenu wa usiku, na mnaununua kwa bei kamili ilhali mchana mmeuza uniti 15 kwa bei ya kutupa. Fungeni taima hita iwake saa tano asubuhi, izime saa nane mchana. Tangi likiwa limevikwa vizuri kuzuia joto lisipotee, jioni mtaoga maji ya moto kama kawaida. Faida ya jambo hilo moja ni uniti 2.3 kwa siku, yaani asilimia 40 ya faida ya ile betri kubwa, kwa gharama ya taima na saa moja ya fundi. Ushauri huu huwa haumfurahishi mtu yeyote aliyekuja dukani kununua betri. Pasi na mashine ya kufulia nazo zihamie mchana kama kuna mtu nyumbani.

Mkishahamisha hita, usiku unabaki na uniti 5 na nusu hivi. Someni mita jua linapozama, muisome tena linapochomoza, kwa wiki kadhaa, maana kukisia umeme wa usiku ni kazi ambayo watu wengi hawaiwezi. Namba ikitulia hapo, betri ya uniti 5 hadi 7 ndiyo saizi yenu. Rudieni hesabu ile ile kwa namba mpya. Isipolipa, subirini bila wasiwasi: kati ya 2010 na 2023 bei ya betri za lithiamu ilishuka kwa takriban asilimia 90, na paneli zenu zitaendelea kufanya kazi mkiwa mnasubiri.

Wasomaji ambao shirika lao la umeme linawarudishia uniti kwa uniti, mchana ukiweka moja usiku unachukua moja, msihangaike na betri kwa ajili ya bili. Gridi inawatunzia umeme bila kula chochote njiani. Wale wanaotozwa bei kubwa jioni na ndogo usiku wa manane wako upande mwingine kabisa, kwao betri hulipa mapema zaidi.

Mkifika kununua, ulizeni namba mbili. Uniti ni ukubwa wa tangi, kilowati ni upana wa bomba. Betri ya uniti 5 inayotoa kilowati 2.5 itashindwa birika la kilowati 2 na pasi ya kilowati 1 vikiwashwa pamoja, hata ikiwa imejaa. Pampu ya maji ni mbaya zaidi, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia. Someni pia inveta yenyewe inakula kiasi gani ikiwa imekaa tu. Inayokula wati 50 usiku na mchana humaliza uniti 1.2 kwa siku, na kwa nyumba yenye usiku wa uniti 5 na nusu hiyo si chenji.

Kuhusu kukatika kwa umeme: taa 10 za wati 9, televisheni, ruta na friji kwa saa sita hazifiki uniti 1 na nusu. Betri ndogo inatosha, mradi hita na pasi zisiwe kwenye laini hiyo. Ila kama nyumbani kuna mgonjwa anayetegemea mashine ya kupumulia, tupeni hesabu zangu zote za faida. Nunueni betri, mpange saizi yake kwa saa nyingi kuliko mnavyodhani mtahitaji.

Mume mwambie taima kwanza.

SWALI: Fundi, sisi hatuna gridi kabisa. Betri za risasi zinauzwa rahisi kuliko lithiamu, na rafiki yangu ana betri ya lori anataka kunipa bure. Nichukue?
Wa Gizani

JIBU: Ya lori mrudishie kwa heshima. Imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiimaliza kila usiku, itakufa mapema mno.

Kwenye bei, usilinganishe namba iliyo ubavuni mwa betri. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uniti 2.4 kwa maandishi, lakini ukitaka idumu usivuke nusu, kwa hiyo umenunua 1.2. Betri ya lithiamu iliyoandikwa LiFePO4 hukuruhusu kutumia asilimia 80 hadi 90, tena kwa maelfu ya mizunguko ya kujaa na kuisha, wakati ya risasi mara nyingi huanza kuchoka ikiwa bado kwenye mamia. Joto pia linaiumiza ya risasi vibaya: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua karibu nusu. Ukiwa na pesa ya betri moja tu, chukua lithiamu ndogo. Mahali penye baridi ya kugandisha maji usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri, itaharibika ndani bila wewe kuona.

Na ukiamua risasi hata hivyo, nunua zote siku moja. Ukiunganisha mpya na kuukuu, ile kuukuu itaishusha mpya.

SWALI: Nafasi iliyobaki ni chumbani kwetu, nyuma ya mlango. Betri ikae hapo?
Mwenye Chumba Kimoja

JIBU: Hapana. Wala chini ya ngazi, wala kwenye njia ya kutokea nje, kwa sababu ikishika moto itawafungia. Ukuta wa nje wenye kivuli, ndani ya kasha lisilopitisha mvua, unafaa kama mtengenezaji ameruhusu betri hiyo kukaa nje. Ikiwa ni ya risasi, kasha liwe na matundu juu, maana ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hupanda.